Sakafu ya Bahari Nyuma ya Zizi Langu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Daktari Beverly wa chuo kikuu amefika Osiri. Si wa sindano, wa mawe. Anatafuta vipande vya sakafu ya bahari ya kale, vilivyosukumwa nchi kavu milima ilipokunjwa. Sakafu nzima wanaiita ofioliti. Dalili zake ni jiwe la kijani, lava iliyoganda majini ikavimba kama mito ya kulalia, na tabaka za mchanga na matope, yaani flishi. Nafundisha Jiografia. Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua.

Amefikia kwa Javan, jirani yangu! Javan anamwonyesha vilima. Watu wameanza kumwita Javan Mwalimu. Mwalimu ni mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango uko tayari. Jiwe la kijani litapatikana shambani kwangu. Nilienda Oyugis kwa Nyaboke, muuza vinyago vya mawe ya sabuni, nikaomba vilivyovunjika vyenye ukijani. Akauliza vya nini. Nikasema sayansi. Akaniongezea kimoja, kwa huruma.

Nimevizika karibu na ua. Mke wangu Celestine akauliza kama nimepanda viazi. Hana moyo wa utafiti.

Alhamisi, 7 Agosti
Daktari anakuja kesho! Lakini njia ni matope matupu. Nyuma ya zizi kuna mwamba mbaya, manundu juu ya manundu, anapoanikia dagaa wake wa omena Celestine. Nimeupasua kwa nyundo kutwa nzima, nikamwaga kokoto njiani. Mgongo umekufa. Celestine hanisemeshi. Njia inapendeza.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilifukua jiwe mbele ya wote. Daktari akalikwaruza kwa ukucha, unga ukatoka. Akaligeuza. Lilikuwa na sikio.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “hiki ni kinyago cha kiboko.”

Javan alicheka mpaka akashika mti.

Tulikuwa tunamsindikiza garini alipoinama njiani. Akaokota kokoto moja, kisha nyingine. Akauliza zimetoka wapi. Sauti ilikuwa imebadilika. Nikampeleka nyuma ya zizi. Alipoona nilichobakiza, akakaa chini kwenye vumbi la mwamba.

“Ilikuwa ile lava ya mito ya kulalia,” akasema. “Ilikaa hapa tangu kabla dunia haijapata samaki.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Javan naye aliacha kucheka, jambo lililoniuma zaidi. Celestine akamletea maji, akamweleza kwamba hata marehemu mama yangu alianika omena hapo. Kisha akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Jumapili, 10 Agosti
Daktari ameondoka na gunia la kokoto. Aliniomba nisiguse jiwe lolote tena, popote. Nikaahidi mbele ya Celestine na Javan. Nilikuwa na huzuni ya kweli, nusu siku hivi.

Ameenda Mbita. Wenzake wako kisiwani Rusinga, hapo jirani, wakichimba mifupa ya wanyama wa zamani.

Ahadi ni ahadi. Jiwe siligusi. Lakini mfupa si jiwe! Ryoba wa buchari amenipa taya la ng'ombe. Nimelichemsha na majani ya chai, limekuwa kahawia, la kizamani kabisa. Kesho naelekea Mbita.

Celestine anauliza sufuria yake iko wapi.