Ngao ya Shaka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo moyo umejaa. Samira, binti yangu wa pekee, kanialika chuo kikuu. Jumamosi atasimama mbele ya walimu wake kueleza kazi yake ya mwaka mzima. Kiswahili chake kinachechemea, kazaliwa hapahapa Johannesburg, lakini alijitahidi: "Baba, ni juu ya shaka. Shaka na mashairi ya zamani." Sikuuliza zaidi. Nani aishi nchi hii miaka ishirini na sita asimjue mfalme Shaka wa Wazulu?

Mpango: nimshonee joho, mgongoni ngao ya mfalme na mikuki miwili. Iwe siri.

Nimemwambia Burhani tu. Ana meza ya kofia jirani na cherehani yangu pale sokoni Newtown. Binti yake ni mfamasia Durban, na habari hiyo huitoa kabla ya salamu. Nikamwambia wangu anaandika habari za wafalme. Akanyamaza hadi alasiri. Alhamdulillahi.

Jumatano, 8 Oktoba

Ngao imependeza. Wazulu hutumia ngozi ya ng'ombe. Mimi nimetumia pazia la sebuleni, lile la mabakamabaka. Fauzia, mke wangu, akauliza mbona majirani wanatutazama tukila. Nikamweleza. Akauliza kama nilimuuliza mtoto vizuri. Nikasema baba mwenye akili haulizi mara mbili. Akasema, "Hata hiyo moja hukuuliza, Baba Samira."

Ana mashaka mengi mke wangu. Namwombea.

Alhamisi, 9 Oktoba

Eish. Samira kapita sokoni. Burhani kamlaki kwa Kizulu, kaulizia hali ya mfalme. Mtoto akacheka mpaka akashikilia cherehani asianguke.

Si mfalme. Ni shaka hii yetu, ya kutokuwa na hakika. Kumbe kuna washairi wa Kiingereza, wa miaka mia tatu na ushei iliyopita, waliowakejeli watu wanaojivunia akili zao. Ati binadamu, na vitabu vyake vyote, hana hakika ya lolote, na anayejiona mjuzi ndiye mjinga wa kwanza. Halafu, akasema Samira, katikati ya kejeli shairi hufunguka ghafla, ukashikwa na kizunguzungu kama umesimama ukingoni mwa kitu kikubwa mno. Unaogopa na kufurahi papo hapo. Neno lake kwa Kiswahili hana. Na mimi sikuwa nalo.

Burhani alisema anasikitika. Hakusikitika. "Yakhe, kosa la jina lako. I-shaka: shaka imo ndani yake. Mimi Burhani, maana yake ushahidi ulio wazi."

Usiku sikula. Si kwa ajili ya kicheko. Mtoto akikaa mwaka mzima na watu wa shaka, ataswali bado? Na mswala wake, nikikumbuka, umekunjwa vilevile tangu Jumatatu. Nikauwekea uzi mwekundu juu yake. Akiukunjua, uzi utaanguka. Ni hila ya fundi, sidhani kama ina dhambi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi uzi uko palepale. Msikitini nililia kwenye sijda. Aliyekuwa pembeni yangu akadhani nina mafua, akanipa karatasi laini.

Niliporudi nikachukua karatasi zake za Jumamosi, nikazisokomeza chini kabisa ya mfuko wa vipande vya vitambaa. Asipozisoma mbele ya watu, huenda shaka ikampita. Mola anisamehe, nilikuwa nimechanganyikiwa.

Alasiri mbingu ikapasuka juu ya kilima cha Observatory. Mvua ya mawe. Mabati yakalia kama jiji zima linavunja vyombo, robot, taa ya magari ya kona, ikazimika, mwanga wa mchana ukawa kijani. Samira huogopa radi tangu utoto. Akaja chumba cha cherehani akanishika mkono wa kanzu. Radi ikapiga ng'ambo ya barabara. Tukasema pamoja, sauti moja: Subhanallah.

Akanitazama sana. Akasema, "Baba, ndilo hilo. Neno langu."

Nikazitoa karatasi zake mfukoni mwa vitambaa, nikampa bila kumtazama. Naye akatoa uzi mwekundu mfukoni mwake, akanipa. Alikuwa ameuona. Akaniambia ule mswala mpya hauna harufu ya nyumbani. Nikishatoka, yeye huswali kwenye mkuukuu wangu, ulio nyuma ya cherehani, unaonuka mafuta ya mashine. Halafu akasema nyumba hii ina mtu mmoja wa shaka, na si yeye.

Nikautia uzi kwenye sindano, nikaumalizia mkuki wa pili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kalivaa joho. Sikumwomba. Alipogeuka kuonyesha maandishi ukutani, ukumbi mzima ukaiona ngao. Mwalimu mmoja akauliza. Akaeleza kwamba baba yake alisikia Shaka mwingine, akashona kabla ya kuuliza. Wakacheka. Nikasimama nikawapungia mkono. Akaongeza kwamba washairi wake wangefurahi sana kumpata mtu kama baba yake. Nadhani ni sifa.

Alipofika kwenye kile kizunguzungu alisema Subhanallah. Hakutafsiri. Burhani, niliyemwalika makusudi aone, alikuwa anafuta macho. Akasema ni vumbi. Baada ya mvua ile yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetubu. Kuanzia leo nitauliza kwanza, nikate kitambaa baadaye.

Wakati wa chai Samira kasema mwakani anaendelea na masomo, ila sasa kwa upande wa Kiswahili: ataandika juu ya bahari. Akataja na mashairi, vina na mizani, lakini mimi nilishashika neno. Bahari, na sisi ni watu wa Tanga! Fauzia akanikanyaga mguu chini ya meza: muulize. Nikasema nitauliza.

Nimempigia Burhani kumwarifu kwamba binti yangu atakuwa nahodha. Alikaa kimya muda mrefu. Alhamdulillahi. Sare nimeshaikata, nyeupe, nanga mbili za dhahabu mabegani. Pazia la jikoni limetosha.

Safari hii sina shaka.