Mgomba Bora kwa Maji Bora

Jumatatu, 8 Juni

Nimepanda cheo! Bado hakijatangazwa, lakini nimepanda. Mjomba Mwinshehe anagombea udiwani kwenye uchaguzi mdogo. Akishinda, mimi Yunusi nitakuwa msaidizi wake, mwenye meza na kiti kinachozunguka. Sharti moja tu: shirika letu la maji limpigie debe. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akishasema, mpwa anainuka. Tena mshika kipaza sauti wa shirika ni mimi. Nani wa kunizuia?

Wa kunizuia ni Mama Anastasia, mwenyekiti. Nilimgusia tu, juujuu. Akasema shirika limesamehewa kodi kwa kuwa ni la hisani, na shirika la hisani halina mgombea. Jumamosi anakuja afisa kutoka mjini kutukagua. Akiridhika, pampu yetu iliyokwama bandarini inatoka bila kodi. Asiporidhika inabaki hukohuko, maana kodi yake hata tukiuza ofisi hatuiwezi, na wajawazito wa huku mlimani wataendelea kwenda kujifungua zahanati na ndoo ya maji kichwani.

Niliona aibu. Ilipita baada ya chai.

Jumanne, 9 Juni

Mkutano wa hadhara, sokoni Mkuyuni. Wagombea wote watatu walikuwepo. Mama Anastasia akasimama, akaweka ndoo iliyojaa mbele yao. Akaomba kila mmoja aibebe kichwani mpaka mlango wa zahanati, ndipo aseme atafanya nini kuhusu maji. Mjomba alifika na nusu ndoo. Nusu nyingine ilikuwa kwenye suti. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikamfuata Mama Anastasia, nikamwambia hiyo nayo ni siasa. Akakubali! Akasema ni siasa ya maji, na hiyo ataifanya mpaka siku ya kuzikwa, ila jina la mgombea halitapita kwenye kipaza sauti cha shirika. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo akaongeza kwamba sisi hata ndoo ikiwa tupu tunaimwaga. Mtani hakasirikiwi. Nilicheka huku naumia.

Mama huyu ni hodari. Inaniudhi kuandika hivi, lakini ni hodari kweli.

Jumatano, 10 Juni

Wazo! Limenijia nikiosha miguu. Mjomba ni mfanyabiashara wa ndizi, na wateja wake wote humwita Bwana Mgomba. Shirika nalo huhimiza watu wapande migomba karibu na vyanzo vya maji. Basi bango la langoni litasema: MGOMBA BORA KWA MAJI BORA. Afisa atasoma kilimo. Wapiga kura watamsoma Mjomba. Jina halijatajwa, sheria haijaguswa! Nani mwenye akili kama mimi kutoka hapa hadi Matombo?

Nilimwambia Mama Anastasia kwamba mapambo ya Jumamosi ayaache kwangu, nitafunga migomba langoni kama ya harusi. Akaniangalia kwa muda. Akasema sawa, mradi mgomba ubaki mgomba. Sikupenda alivyoniangalia.

Alhamisi, 11 Juni

Nimempelekea kazi Fundi Abel, mwandika vibao. Zamani alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi na maradhi hayo hayajamtoka. Nilikuta ameacha kazi yake ili akafute kosa kwenye kibao cha kinyozi wa jirani, bila kuombwa. Nilikuwa na haraka, Mjomba ananisubiri. Nikamwachia maneno kwenye karatasi, naye akaahidi kulitundika bango mwenyewe Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, 12 Juni

Kazi ngumu. Migomba imefungwa langoni, mizuri, kila mmoja na mkungu wake. Mjomba alipita, akaisifu, akaniuliza kiti changu nakitaka rangi gani. Nikasema nyeusi. Nyeusi ina heshima.

Jumamosi, 13 Juni

Nimekwisha!

Afisa, Bi Nasra, alishuka garini, akainua macho, akasoma kwa sauti: MGOMBEA BORA KWA MAJI BORA. Herufi moja! Fundi Abel alikuwa pembeni anatabasamu, anangoja ashukuriwe. Akaninong'oneza kwamba nilisahau E, ameniokoa na aibu mbele ya wageni.

Bi Nasra akauliza mgombea bora ni yupi. Mjomba akarekebisha tai. Nikaona pampu inarudi ilikotoka, na wanawake wote waliopanga mstari na ndoo zao wananitazama mimi.

Ndipo Mama Anastasia akaja. Akanivua kofia, akaniburuta hadi kwenye mgomba, huku akiwatangazia watu kwamba watani zake hawa tangu babu yao hawajawahi kumaliza neno bila kulikosea. Akanipaka majivu usoni. Akanipigisha magoti, kisha akauuliza mgomba kwa heshima zote: ndugu mgombea, ukichaguliwa utatuletea maji? Kimya. Na barabara je? Kimya. Akawageukia watu akasema, haya, mgombea wa kwanza asiyetudanganya. Uwanja ulilipuka! Wale wagombea wawili wengine walicheka sana, halafu wakaacha walipoona watu wanawatazama wao.

Nilidhani ataishia kwenye mzaha. Hapana. Aliamuru bango lishushwe, akamkabili Bi Nasra, akamweleza ukweli wote: nani kaandikisha, kwa nini, na ni mpwa wa nani. Hakunifichia hata kidogo. Akasema kosa limetokea langoni kwetu na tumelishusha wenyewe kabla mtu yeyote hajatoa hotuba. Bi Nasra akaandika, akatazama majivu yangu, akakohoa ili asicheke. Akakagua mpaka adhuhuri. Mwisho akasema ameridhika, pampu itatoka.

Upendo, binti wa jirani yetu, ambaye tumbo lake limeshamzidi, alipiga vigelegele mpaka mumewe akamshika asianguke. Machozi yakanitoka. Nilisingizia majivu. Ningeiua pampu ile kwa ajili ya kiti cheusi! Mlima mzima huu simjui mtu ninayemheshimu kama Mama Anastasia. Migomba tuliiangusha, ndizi zikapikwa, wagombea wote watatu wakala sufuria moja.

Jumapili, 14 Juni

Sikufukuzwa. Mama kachukua kipaza sauti, kanipa brashi ya kusugulia ndoo. Anasema ndoo hazina chama. Nimesugua tangu asubuhi huku natafakari kwa kina, na somo nimelipata.

Kosa lilikuwa neno! Mgomba na mgombea yamekaribiana mno, mtu yeyote angekosea. Mjomba sasa wanamwita Mgombea Kimya, naye anaapa jina hilo limemwongezea kura. Pampu ikifika watu watajaa tena, na lango litahitaji bango. Hili nimelifikiria vizuri zaidi: MJOMBA BORA KWA MAJI BORA. Mjomba si mgombea, mjomba ni ndugu. Nani hana mjomba?

Jioni nimempelekea Fundi Abel karatasi. Aliisoma, akakunja uso, akaniuliza kama nina hakika na tahajia. Nikamwambia nina ndoo zinanisubiri, nina haraka. Akiona kosa lolote, asahihishe tu.