Debe la Mwarobaini la Mzee Mwinjuma

Leo kijiweni hata Ausi hajamaliza kusuuza vikombe vya kahawa, Mikidadi, tuliyembandika jina la Redio, keshaanza matangazo.

“Mmesikia? Bwana shamba kasema redioni: mchwa si lazima sumu ya dukani. Chemsha majani ya mwarobaini, mwagia nguzo, wanahama wenyewe!”

“Wanahamia wapi?” akauliza Salumu Kipara.

“Vigwaza, wakafungue kijiji!”

Tukaangua kicheko, kasoro Mzee Mwinjuma. Ijumaa anamwoza binti yake Ashatu, na nguzo ya baraza lake imeliwa na mchwa hadi ukiigonga inalia debe tupu. Chini ya nguzo hiyohiyo ndipo watakapokaa wazee wa bwana harusi. Nilimwonea huruma sana, ila macho niliyaelekeza kwenye kashata.

“Dawa hiyo jana niliichemsha,” akasema. “Debe zima! Nikaliacha uani lipoe, nikaenda kuswali alasiri. Narudi, yamebaki majani matupu.”

“Mbuzi hao,” akasema Redio.

“Mbuzi gani anakunywa mwarobaini?”

“Mwenye homa.”

“Mzee, mwarobaini unatibu maradhi arobaini,” akadakia Kipara. “Mji huu nani hana japo mawili? Lakini mimi simo.”

“Wala mimi,” akasema Ausi, akigonganisha vikombe bila sababu. “Tumbo langu safi kabisa.”

“Alhamdulillahi.” Mzee akapiga funda la kahawa. “Maana nilitia na utupa.”



“Utupa huu wa kulevyia samaki?” Redio akauliza.

“Huohuo. Mafungu mawili.”

Kikombe kikamponyoka Kipara. “Mungu wangu! Nimeonja tu, bakuli tatu!”

“Mimi nilimchotea mama mkwe,” Redio akalia, “akabana midomo, nikamalizia mwenyewe!”

Ausi akalitelekeza dele lake la kahawa na kukimbilia barabarani. “Maziwa! Jamani, nani ana maziwa?”

Mzee Mwinjuma akamaliza kahawa yake taratibu, akafuta ndevu.

“Rudi, Ausi. Hamna utupa wala nini. Nilikuwa natafuta wachumaji tu. Kesho baada ya alfajiri, kila mmoja uani kwangu na mzigo wa majani. Na kuni juu.”

Kisha akanigeukia mimi.

“Na wewe mwenzetu, mbona umeshika tumbo?”