Retraite kwa Wote

Jumatatu, tarehe 12 Julai 1999, saa mbili asubuhi, kipaza sauti kilikuwa kimefungwa juu ya paa la ofisi mpya, kando ya soko la mji wa Baraka. Kupitia hicho mkuu wa ofisi, Direkta Norbert, alitangaza kwamba taifa limeanzisha bima ya uzeeni. Taifa lenyewe lilikuwa limegawanyika vipande kadhaa, kila kipande na jeshi lake, lakini Direkta alieleza kwamba hilo ni suala la kiufundi na liko kwenye kamati.

Mzee Darius, zamani fundi wa mashine za pamba, alikuja kwa ajili ya kifungu cha tano cha bima hiyo tu: aliyestaafu habebi mizigo ya jeshi. Sanduku la kamanda wa jeshi lililoshika mji lilikuwa tayari mlangoni pake, ng'ambo ya soko, likingoja kupandishwa milimani Fizi, na Darius ndiye aliyetajwa kulibeba. Jirani yake Albert alibeba la mwezi uliopita. Alirudi, lakini mgongo wake ulibaki umesujudu.

Direkta aliiita bima hiyo kwa neno moja la Kifaransa, retraite. Kwa serikali, neno hilo ni kustaafu. Kwa makanisa ya ufukoni, ni siku za kufunga na kuomba. Kwa askari, ni amri ya kurudi nyuma. Ofisi ilijua maana ya kwanza, ikaona inatosha.

Haukupita muda, foleni ikajaa wanawake wenye mikeka na Biblia.

"Mama Adolphine, munatoka wapi na mikeka?" Darius aliuliza.

"Swima, Papa. Tunakuya ku retraite. Muhubiri ni nani?"

"Hii ni retraite ya bazee ba kazi."

"Basi mi nko muzee wa kazi! Nimefua manguo ya bwana yangu miaka makumi tatu, hata congé, siku moja ya kupumzika, hakuna!"

Foleni iliangua kicheko. Direkta aliiona inavyofika ziwani, akapata furaha ya kitaaluma. Aliwapokea wote bila kuuliza umri, pamoja na mapacha wawili wanaonyonya, aliowaita wastaafu wa muda mrefu ujao.

"Na weye, Bwana Direkta, uko retraite?" Adolphine aliuliza.

"Hapana, mama. Baraka nzima, mimi peke yangu nitabaki kazini, kuwatumikia."

Walimpigia makofi. Naye, kwa kuguswa, akafungua sauti mpaka mwisho.

"Retraite! Retraite kwa wote! Mara moja!"

Askari waliokuwa kilimani walikuwa wamengoja wiki nyingi mtu mwenye elimu atoe amri hiyo. Waliitii kwa nidhamu ambayo haijawahi kuonekana. Walikatiza sokoni mbio, mmoja na kiatu kimoja, mwingine na bata wa mtu.

Kamanda alitoka na povu la kunyolea nusu ya uso.

"Nani ametoa amri?"

"Ofisi, Kamanda."

"Basi imetoka juu. Weye muzee, beba sanduku!"

Darius alihisi mgongo ukikaza kabla ya kuguswa na kitu.

"Kamanda, mi nko retraite. Kifungu cha tano. Direkta amenipokea sasa hivi."

"Weye mama?"

"Retraite."

"Na bale bote?"

"Retraite!" foleni iliitika, kama amina.

"Sasa nani haiko retraite humu Baraka?"

Hakuna aliyenyoosha kidole; si adabu. Watu waligeuza vichwa tu.

Direkta alifafanua, kwa Kifaransa safi, tofauti kati ya kada, yaani mkubwa wa ofisi, na mbebaji. Kamanda alimsikiliza mpaka povu likakauka shavuni, kisha akamtwisha sanduku.

"Ngoja, Kamanda," alisema Adolphine. Alivua kitambaa chake, akakisokota ngata, akaisukuma chini ya sanduku. "Bila ngata shingo itamuuma, mutoto wa batu."

Darius alikopa mkeka, akalala chali.

Waliotoka Fizi mchana huo walisema walipishana nao kwenye kilima cha kwanza. Direkta, tai ikiwa bado shingoni, alikuwa akiomba retraite. Kamanda alimjibu kwamba ombi kama hilo hupelekwa ofisini, kwa Direkta.