Jinsi Mayala Alivyomfikisha Sato Mirongo

Tegeni masikio, enyi wakazi wa mji wa mawe, mnaojenga juu ya mawe na kuanika nguo juu yake! Ziacheni kwanza habari za vita na wafalme, niwasimulie Mayala wa Mirongo, seremala mwenye mikono ya dhahabu na viti vya miguu mitatu, ambaye Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na sita alitumwa samaki mmoja, sato, akamfikisha.

Mnacheka? Chekeni. Hamjawahi kutumwa mkiwa na kichwa cha Mayala. Katika miaka kumi na minne ya ndoa, shujaa huyu alitumwa chumvi akarudi na kengele ya baiskeli. Alitumwa dawa ya mtoto akakutwa Igoma akishangaa mashine ya kufyatua matofali. Teodora mkewe aliingoja ile heri inayovutwa na subira mpaka akachoka kungoja.

Ndipo, mwezi mmoja kabla ya siku ya sato, walipompeleka binti yao Winnie kwa Daktari Odeta, maana mwalimu alilalamika kwamba mtoto hatulii darasani. Kila swali la daktari Teodora alilijibu kwa neno moja: "Kama baba yake." Mwishowe daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia shujaa wetu, mwenye miaka arobaini na moja.

"Baba Winnie, hujarogwa wala si mvivu. Umezaliwa na ubongo ambao umakini wake hautulii. Hali hii ina jina, na wengi huzeeka nayo bila kuijua. Nawe mama, kusahau kwake si kukosa upendo."

Mayala alilia pale pale, kwa faraja ya mtu aliyefutiwa kesi ya tangu utoto. Teodora hakulia.

"Jina nimelisikia," alisema njiani. "Lakini jina haliliwi. Wewe ukisahau, mimi ndiye ninayebaki najiuliza kama nami unanikumbuka."

Basi siku ile ya sato mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Busisi, na mkwe hakaribishwi kwa mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Teodora alisimama mlangoni, kikapu chake cha safari kikiwa tayari miguuni pake, akahutubia.

"Mayala mwana wa Kashindye! Mama anarudi jioni. Sato akifika kabla sijasonga ugali, mama ataondoka peke yake. Asipofika, tutaondoka wawili."

Shujaa akaruka juu ya baiskeli yake nyeusi, akashika njia ya mwaloni Kirumba, wavuvi wanakoshushia samaki. Jeshi la wauza mitumba lilimzingira likimwita "mjomba, mjomba", akalipita. Wacheza drafti walimwita kwa jina, akawapita pia, ingawa shingo yake ilibaki nyuma kidogo.

Mwaloni, Justa mchuuzi alimpitisha sato kamba ya katani kwenye mashavu, tayari kumtundika kwenye usukani kama watu wote wafanyavyo. Lakini Mayala alishawahi kuacha usukani na samaki wake mahali pamoja. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Nifunge mimi, dada Justa. Fundo la wavu! Akili yangu siijui itakwenda wapi, lakini mkono huu lazima nirudi nao."

Justa alikaza fundo huku akimwombea. Na ilifaa amwombee, kwani karibu na mto Mirongo adui mkuu alikuwa akingoja: meza ya Luhaga, fundi redio, na juu yake redio iliyofunguliwa, matumbo nje.

"Mayala ndugu yangu! Hii imenishinda tangu juzi!"

Ole wetu! Baiskeli ikaegemezwa ukutani. Shujaa akachuchumaa, macho yakang'aa, na Teodora, mkwe na ugali vikafutika kama chaki kwenye ubao. Akanyoosha mkono kuchukua bisibisi, na sato akapanda pamoja na mkono, akamzaba Luhaga kofi la mkia.

Mayala akamtazama samaki.

"Teodora!" akanguruma.

"Na redio je?"

"Redio itaimba hata kesho, Luhaga. Mimi leo nimetumwa!"

Akatoka mbio, akivuka mitaro na kuruka matenga ya nyanya, sato akimpiga pajani kila hatua, mpaka akaingia uani kwake. Maji ya ugali yalikuwa yakitokota, na Teodora ameshika unga. Mayala akamwamkia mkwe kwa mbali, kama adabu ya ukwe itakavyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Kisha akanyoosha mkono. Fundo la Justa lilikataa vidole, Teodora akalifungua kwa meno. Aliona ngozi ilivyochubuka, akaushika mkono ule hata baada ya samaki kutoka.

"Ulitaka mwenyewe ufungwe hivi?"

"Mwenyewe. Niliogopa kukupoteza."

Macho ya Teodora yakalowa. Akayapangusa, akatazama uani nyuma ya mumewe.

"Baba Winnie, baiskeli iko wapi?"

Shujaa akageuka kutazama nyuma yake, kana kwamba ilikuwa ikimfuata. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akifuatiwa na Teodora, aliyecheka mpaka unga ukamwagika. Teodora akaiokota ile kamba, akaifunga tena mkononi mwa mumewe, taratibu, juu kidogo ya pale palipochubuka.

"Hii sasa ni ya baiskeli. Wahi, ugali usipoe."

Na iandikwe katika habari za Nyamagana, wajukuu waisome: jioni ile pantoni ya Busisi ilimvusha mama mkwe, akiwa ameshiba, akiwa peke yake.