Mpango wa Kumnenepesha Kyule

Jumanne, 9 Agosti 1994

Tumepimwa leo ukumbini Kaloleni, hapa Nairobi. Mimi, Shiundu: kilo hamsini na nusu. Kyule wa Mbotela: hamsini na mbili. Bondia wa flai haruhusiwi kupita hamsini na moja. Hesabu hiyo hata mimi niliyeagana na shule darasa la saba naiweza!

Kesho timu nzima inaenda kupigana Bungoma, watu saba ndani ya lori la dereva Muindi. Kocha Otiende amesema nafasi ya flai ni moja. Atakayezidi uzani Jumamosi asubuhi atashika ndoo ya maji. Tukifaulu wote wawili, Kocha atachagua mwenyewe. Hapo ndipo penye mwiba. Kyule huamka saa kumi na moja kukimbia Jogoo Road, na kila neno kwake ni "sawa, Kocha". Mimi nina kipaji. Kipaji hakiamki saa kumi na moja.

Na huu si mchezo. Huko kuna meneja wa kiwanda anatafuta flai wa timu yake. Atakayempendeza anapata kazi ya kudumu, ovaroli mbili na chumba chenye stima. Mimi nimebeba magunia viwandani Baba Dogo miaka miwili, leo kazi ipo, kesho haipo. Mama ameshawatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba mwanawe anaenda kuandikwa kazi. Asenath wa kwaya amesikia. Siwezi kurudi bila ovaroli!

Basi nimepanga. Mimi niko sawa, sina haja ya kujikondesha. Nitamnenepesha Kyule. Safari ya siku tatu! Atakaa, atakula, atalala, kama ng'ombe wa kufugwa bandani. Jumamosi mizani itamlilia.

Jumatano, 10 Agosti

Mungu yuko upande wangu. Lori limebeba magodoro! Yanapelekwa duka fulani Bungoma, yamefungwa nailoni, na sisi juu yake kama masultani. Nikamwambia Kyule, kwa sauti ya kaka mkubwa, kwamba bondia akiwa safarini misuli hukua akilala. Akauliza nani kasema. Nikamwambia imeandikwa. Akataka kujua wapi. Nikamwambia alale kwanza, nitamwonyesha akiamka.

Hakulala. Ili kumpa mfano, nikalala mimi. Limuru sikuiona. Naivasha nimesimuliwa.

Nilipoamka lori lilikuwa linapanda mlima wa Gilgil kwa mwendo wa kobe, na Kyule hayupo. Nikafurahi: ameanguka! Wapi. Alikuwa chini, sweta mbili mwilini, anakimbia kando ya lori huku akipiga gumzo la Kikamba na Muindi dirishani. Kocha anampigia makofi. Wasike, bondia wetu wa uzani wa bantam, akaniuliza mbona sishuki. Nikamwambia naweka akiba.

"Maze Shiundu," akasema, "hiyo akiba tunaiona ikikua."

Mtu mwenye masikio kama vifuniko vya sufuria! Nimemsamehe.

Jioni, Nakuru. Nimenunua chipsi sahani mbili, mafuta yanachuruzika. Huwezi kumpa mtu chakula ukabaki unamtazama, atashuku, kwa hiyo moja yake, moja yangu. Kyule akashukuru sana. Akaonja vipande viwili. Kisha akasema mama yake amemfungia chakula, akatoa kopo la bati: muthokoi. Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hata mafuta hayajapita karibu! Akala vijiko kumi (nimehesabu), akafunga kopo, akaenda kutembea kuzunguka soko ili anyooshe miguu.

Chipsi hazitupwi. Nimezimaliza. Sahani zote mbili.

Alhamisi, 11 Agosti

Adui yangu ni lile kopo. Kopo likiisha, Kyule atakula nitakachompa mimi.

Bahati! Karibu na Timboroa lori likachemka. Kila mtu chini. Kyule akanyakua jerikani la lita ishirini, mbio hadi kijitoni, mbio kurudi, mara tatu. Mimi nikajitolea kulinda magodoro.

Nilitaka kulimwaga lile kopo. Lakini juu ya kifuniko kulikuwa na jina la mama yake, Muthoki, limeandikwa kwa rangi ya kucha. Kumwaga chakula cha mama wa mtu ni laana, hata mimi nina mipaka. Basi nikakila. Nimelala kati ya magodoro mawili, bila kijiko, chakula cha siku mbili! Na kilikuwa kitamu, siwezi kusingizia. Kopo nikalirudisha mahali pake, tupu kama ngoma.

Kyule alipolifungua akatazama ndani kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama chumvi ilitosha. Nikamwambia sijui anazungumza habari gani. Nikapiga mbweu.

Nikamletea mandazi. Akakataa kwa adabu. Akanunua karoti kwa mama wa kando ya barabara, fungu zima na majani yake, akaziosha, akatafuna kama sungura mpaka Eldoret. Kila Muindi aliposimama, yeye chini, anaruka kamba. Mtu mwenye akili timamu anakula karoti mbichi na mandazi yapo? Yalikuwa sita. Sasa hayapo.

Suruali imeanza kunibana. Ni baridi ya Timboroa, hufanya kitambaa kijikunje.

Ijumaa, 12 Agosti

Leo nimetoa silaha kubwa. Kukhu! Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Kukhu Nekesa anakaa karibu na barabara, Webuye. Nikamwomba Kocha tupite tumsalimie, akakubali. Kukhu hana mchezo na wageni, anachinja. Na kukataa chakula chake ni sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mchawi. Kyule na adabu zake alikuwa amekwisha!

Nikamwahi Kukhu jikoni. Nikamnong'oneza kwamba kati yetu yuko kijana mmoja mwembamba, mashavu yameingia ndani, nyumbani kwao chakula ni shida lakini anaona haya kusema. Tafadhali asimruhusu kuinuka mpaka amalize kuku mzima. Kukhu akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Machozi yakamlenga. Akasema ameelewa.

Hakuelewa!

Sahani zikaja. Kyule: ugali wa kiasi, mboga, paja moja. Wasike vivyo hivyo. Mimi: kuku mzima, firigisi juu yake, na ugali mkubwa kama kichwa cha Muindi. Kukhu akavuta kigoda, akaketi mbele yangu. Akasema nisione haya, mtu mzima hujua mtoto anapojisema kwa mgongo wa mwenzake. Mbele ya timu nzima! Akamlaumu na Mama pia, kwa jina lake, eti Triza alipelekwa Nairobi akasahau kupika. Nikasema nimeshiba.

"Kula, baba," akasema. "Haya haijazi tumbo."

Wasike alicheka mpaka akatoka nje kwenda kushika ukuta.

Na Kyule? Kabla ya chakula alikuwa ameshapasua kuni za wiki nzima na kuteka maji mitungi minne. Kukhu akamwita mwanangu. Akamuuliza kama ana mchumba, maana kuna binti wa jirani. Tulipoondoka, mimi nikapewa viazi vitamu vya njiani, na Kukhu akasimama barabarani mpaka akaniona nimeanza kuvila.

Jumamosi, 13 Agosti

Mizani ya Bungoma ni mbovu. Imesema hamsini na mbili na nusu. Nikavua shati na suruali. Hamsini na mbili na robo. Nikavua kilichobaki, Kocha kanishikia taulo. Mshale haukutikisika. Kyule akapanda: hamsini na moja kamili, kama imepigwa msumari.

Kocha akanivuta pembeni. Nilidhani ataninasa kofi. Akasema ninayo saa moja ya kupunguza, nikimbie, maana tangu Kaloleni alikuwa ameamua kunipanga mimi. Mkono wangu wa kushoto, alisema, hakuna flai mwenye nao. Kyule alikuwa wa akiba tu.

Tangu Kaloleni! Na hakuniambia!

Nikakimbia. Uwanja mzima, sweta tatu, na juu yake nailoni ya godoro niliyopewa na Muindi. Nilikuwa nikibeua, utadhani kuku wa Kukhu bado anadai kutoka. Mzunguko wa tatu, Kyule akaja kando yangu. Hakuna aliyemtuma. Akanihesabia mizunguko, akanifundisha kutema mate kwenye kitambaa ili uzani upungue. Nikamuuliza anapata faida gani. Akasema Jumanne yeye ndiye aliyekuwa amezidi, anajua inavyouma. Nikamshuku papo hapo. Mtu mwema namna hii ana mpango wake.

Mzunguko wa kumi na mbili pumzi zikaniishia na ukweli ukanitoka. Nikamwambia habari ya kopo. Akasema anajua, siku ile nilikuwa na harage shavuni. Tukaendelea kukimbia.

Wenzangu wakaninyoa kichwa, maana nywele nazo ni uzani. Nikapanda mizani, macho nimefumba.

Hamsini na moja na nusu.

Nusu kilo! Viazi tu hivyo! Mwenye mizani akaandika jina la Kyule. Kocha akanipa ndoo.

Kyule ameshinda pambano la kwanza kwa pointi. Nimemmwagia maji. Nilimmwagia kwa ustadi.

Jumapili, 14 Agosti

Fainali. Kyule amemlaza kijana wa Kitale raundi ya pili. Kwa mkono wa kulia, si wa kushoto. Kwa wa kushoto mimi ningemlaza raundi ya kwanza.

Meneja akashuka na tai yake, akamshika Kyule mkono muda mrefu. Kazi, ovaroli mbili, chumba chenye stima. Anaanza mwezi ujao. Kyule akaomba aende kwanza Mbotela kumwambia mama yake.

Mimi nilikuwa nyuma na ndoo. Meneja akauliza huyu ni nani. Nikajibu haraka kwamba mimi ni mwalimu wake wa lishe. Akamgeukia Kyule kuuliza kama ni kweli. Kyule akafikiri kidogo. Akasema ni kweli, tangu Nairobi ni mimi niliyeshughulikia chakula chake. Hakucheka hata kidogo. Mimi ndiye niliyetazama chini.

Jioni sikula. Mara ya kwanza wiki hii. Nilikuwa nafikiria Mama atawaambia nini akina mama wa kanisa.

Jumatatu, 15 Agosti

Tunarudi. Magodoro yameshushwa, tumekalia mbao. Kyule ameketi mbele na Muindi, kwa heshima.

Kocha amenipima kwa macho. Amesema niache kushindana na mwili wangu, mimi sasa ni bantam, mwisho kilo hamsini na nne. Desemba kuna mashindano Kisumu na mameneja watakuwepo. Nafasi ya bantam ni moja, na mwenye nayo ni Wasike. Kama ninaitaka, nianze kuamka na wenzangu kukimbia.

Nimefikiria sana jambo hilo, kutoka Webuye mpaka Eldoret. Kosa langu nimeliona. Sikuchagua mtu vizuri. Kyule hana tamaa. Huwezi kumnenepesha mtu asiye na tamaa. Lakini Wasike! Wasike akinusa mahindi ya kuchoma anasahau hata jina lake. Na sasa yuko kilo hamsini na tatu na nusu. Kilo moja tu inatosha!

Mama nitamwambia kiwanda kimenipa likizo kwanza.

Tuko Burnt Forest. Wasike yuko kwenye hindi la nne. Amesema kula peke yake humtia upweke. Nimekaa karibu naye, namsaidia.