Daktari wa Jua Ashuka Ujiji

Redio ilipotangaza kwamba jua limelipuka na kutema mionzi ya eksirei, watu wa Mwandiga waliendelea kunywa chai. Castory, dereva wa bodaboda, hakuendelea. Mtangazaji aliongeza kwamba anga hutukinga na mionzi hiyo, na hapo Castory akazima redio, maana habari ikizidi huharibu biashara.

Akauza pikipiki, ile ile iliyokuwa ikimlisha, akaazima koti jeupe la fundi rangi, akashuka Ujiji. Ufukweni akina mama walikuwa wametoka kuanika dagaa mchangani, wangali wabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Ashura, mkubwa wao. "Daktari wa nini wewe?"

"Wa jua." Jibu lilimshangaza mwenyewe, lakini lilikuwa limeshatoka. "Leo linapiga eksirei. Dagaa hawa hadi jioni watakuwa sumu. Niuzieni nusu bei, nikawasafishe kwa mtambo."

Mtambo wenyewe ulikuwa kuwaacha hapo hapo wakauke, kisha awauze bei kamili.

Ashura alimtazama, akatazama ziwani, halafu akawageukia wenzake. "Jamani, msomi kasema. Nusu bei tumekubali."

Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeomba aongeze hata kidogo. Walipokea noti zake zote, wakabeba maturubai yao, wakaondoka mbio mbio. Castory aliona ni ulimi wake huo, na akausikitikia kwa kuzaliwa mbali na Bunge. Akaketi kati ya dagaa wake akipanga pikipiki mbili, pengine na bajaji.

Mwandiga kuna mihogo, hakuna ziwa. Ndiyo maana alipogeuka kuangalia kilichokuwa kikinguruma mgongoni, lile wingu jeusi lilikuwa limeshafika nchi kavu. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Dagaa wakaanza kuelea, wakirudi walikotoka.

Akakimbilia kibarazani kwa Ashura, koti limemgandia mwilini.

"Mama, nisaidie turubai. Nimeweka kila kitu pale."

"Turubai la nini tena, mwanangu? Jua si limeondoka?" Alimsogezea kigoda na kikombe cha chai, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Umetuokoa wewe. Tangu tulipowaanika tunaliangalia lile wingu, tunajiuliza dagaa wote hawa tutampa nani."

Castory aliinywa chai. Kisha akashika njia ya Mwandiga kwa miguu, akiliomba jua litoke walau kidogo, na eksirei zake zote, yeye angezipokea.